Kiti cha Kusalia Hakitibu Nyonga

Kwetu Majimoto, Katavi, mwanamke akiumwa nyonga hukandwa kwa maji ya moto, kisha husali kwenye kiti. Maji hutuliza, na kiti ni ruhusa ya dini kwa asiyeweza kusujudu. Lakini mfupa ulioharibika hautengenezwi na hivyo viwili.

Maumivu ya nyonga mara nyingi husikika kinenani, ndiyo maana tunaona haya kuyasema. Wala si ya bibi pekee. Selimundu huweza kuzuia damu kufika kwenye kichwa cha mfupa wa paja, kikafa, hata kwa bi harusi kijana.

Kuwekewa nyonga bandia si hatua ya kwanza. Tunaanza na eksirei, dawa, mazoezi na kupunguza uzito. Hayo yakishindwa, ukawa hulali kwa maumivu na kutembea ni shida, muulize daktari kuhusu upasuaji. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, Dar es Salaam, wanaufanya.

Waume na mama wakwe, msimwambie avumilie tu. Subira haikatazi tiba.