Kabla Hujalipa Ada ya Kozi ya Kupamba Nyumba



Asubuhi moja mwezi uliopita tulikuwa ndio tumerudi kutoka zamu ya usiku, hata sare hatujavua, jirani yetu mmoja hapa Shirimatunda akabisha hodi na simu mkononi. "Sista," alisema, "naomba unisomee hapa. Wanasema nikilipa leo nitapunguziwa."

Ilikuwa kozi ya wiki sita, ya kufundishwa kwa njia ya simu, juu ya namna ya kuandaa nyumba inayouzwa au kupangishwa ili mteja akiingia aipende. Ada yake ilikuwa shilingi 450,000, na mwishoni cheti "cha kimataifa". Fedha hizo hakuwa nazo. Alikusudia kukopa kwenye kikoba chetu, na aliyetakiwa kumdhamini ni sisi.

Huyu si mama wa kukurupuka. Alikaa dukani miaka kumi na mmoja akipokea fedha za watu, hadi duka lilipofungwa, na ana watoto wawili sekondari. Mikono yake ni ya kutengeneza vitu. Hata kwenye sebule yake ndogo mgeni hukaa akasahau kuondoka. Kwa hiyo hatukumcheka, wala hatukumwambia hapana. Tulimwomba siku saba.

Kazi yenyewe ipo kweli. Huko Marekani, anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wake ni Barb Schwarz, mwanamke aliyekuwa akiuza nyumba katika jimbo la Washington miaka ya 1970. Mwenye nyumba hushauriwa apunguze vyombo, aondoe picha za familia, asafishe, aruhusu mwanga, ili mnunuzi aione nyumba na si mali za mwenzake. Lakini lipo jambo ambalo tangazo lile halikulisema: hata huko Marekani hakuna leseni ya serikali kwa kazi hii. Vyeti vyake hutolewa na shule na vyama binafsi, na kila kimoja kina uzito ule ambao wateja wanakipa. Sisi wauguzi hatuwezi kugusa mgonjwa bila leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, hivyo neno "cheti" hututia hofu na heshima. Si kila cheti ni cha namna hiyo.

Na hapa Moshi, nani atalipa? Tulikaa na jirani yetu tukahesabu kwa vidole. Mtu anayenunua nyumba hapa huuliza hati, mipaka, maji na barabara wakati wa masika. Hatujawahi kusikia aliyeongeza bei kwa sababu ya mito ya kochi. Dalali naye anataka ada yake, hana nia ya kuigawa. Lakini wapo wenye nyumba wanaopangisha zikiwa na vyombo ndani, kwa wageni wanaokuja kupanda mlima, kwa wanaojitolea mashuleni, kwa wanaokuja KCMC kusoma. Hao hulipa, kwa kuwa mgeni huchagua kwa kutazama picha. Wapo pia wenye sherehe: kipaimara, kuagwa kwa binti, harusi. Basi fedha ipo, ila haiko pale tangazo lilipoielekeza.

Tuungame na letu. Miaka michache iliyopita sisi na mwenzetu wa kikundi tulilipia mafunzo ya mapambo kwa siku mbili, kwa mwalimu ambaye hatutamtaja. Siku ya kwanza tulifunga vitambaa kwenye viti vya plastiki. Siku ya pili tulipigwa picha tukikabidhiwa vyeti, na kitambaa cha mafunzo ikabidi tukinunue kwake. Hatukuwahi kuuliza wanafunzi waliotutangulia wako wapi. Swali hilo moja lingetuokoa.

Kwa hiyo safari hii tuliuliza. Tulimwambia jirani aandike ujumbe kwa wale wa kozi ya simu: je, mwanafunzi atapamba nyumba halisi ngapi, na nani ataikagua kazi yake? Jibu lilikuja upesi, likieleza tena juu ya punguzo. Hakuna mtu aliyejifunza kuchoma sindano kwa kutazama. Sisi tulichoma machungwa kwanza, kisha tukasimama pembeni ya wakubwa wetu wodini hadi walipotuamini.

Ukienda VETA, usiulize kozi ya "kuandaa nyumba", watakushangaa. Uliza vipande vyake: ushonaji wa mapazia na vitambaa, upakaji rangi, utunzaji wa vyumba vya hoteli. Si kila kituo kina vyote, na kozi ndefu huanza Januari, kwa hiyo fika mapema. Pale Njiro, Arusha, VETA wana chuo cha hoteli na utalii. Na kama kazi umeshaijua kwa mikono bila kusoma, upo utaratibu wa VETA wa kukupima na kuurasimisha ujuzi ulio nao. Chuo cha binafsi kikikuvutia, omba namba ya usajili wake, kisha uulize NACTVET kama wanakitambua.

Hapa mtatuvumilia tuseme kama wauguzi. Kozi yoyote ya nyumba isiyofundisha madawa ya usafi haijakamilika. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe ikichanganywa na ile kali ya kusugulia choo hutoa hewa yenye sumu, na chumba kidogo kilichofungwa hakimpi mtu nafasi ya kukimbia. Vilevile kabati halinyanyuliwi na mama mmoja kwa kiuno. Migongo ya namna hiyo tunaiona sana.

Katika zile siku saba tulimfanyia jirani jaribio. Bibi mmoja mjane karibu nasi ana nyumba ya vyumba viwili iliyokaa miezi minne bila mpangaji. Alituruhusu. Jirani akatoa nje makabati mawili makubwa, akafua mapazia mazito na kuyabadilisha na mepesi, akaosha vioo vilivyokuwa vyekundu kwa vumbi la barabara, akahamisha kitanda ili ukiamka asubuhi kusiko na mawingu uone mlima ukiwa kitandani. Vitambaa vya kufuma vya bibi, ambavyo vilifunika kila kiti, redio na hata friji, alivikusanya, akabakiza kimoja. Bibi hakufurahi. "Mwanangu, hivyo nilivifuma mwenyewe," alisema, na jirani akakaa naye nusu saa akivikunja kimoja kimoja kabla ya kuvitia sandukuni. Gharama yote ilikuwa sabuni, rangi ya ukuta mmoja na siku mbili.

Mpangaji alipatikana wiki iliyofuata. Tungependa kusema ni kwa sababu ya mapazia, lakini siku zile zile fundi alitengeneza bomba la jikoni lililokuwa likivuja, na mpangaji alipofika jambo la kwanza alilofanya ni kulifungua. Hatujui kipi kilimvuta. Jirani yetu ameandika yote mawili kwenye daftari lake, nasi tukaona huyo ni mwanafunzi.

Mkopo tumemdhamini, ila wa shilingi 150,000 tu. Nusu ni ya ada kwa mama mmoja mjini anayetunza nyumba za wageni, aliyekubali kumfundisha miezi mitatu ndani ya nyumba zenyewe. Iliyobaki ni nauli na cherehani ya kukodi. Mwakani, kikoba kikiruhusu, atajaribu VETA.

Ameanza Jumatatu. Jioni alipita kwetu, tukamwuliza amejifunza nini. "Sista," alisema huku akivua viatu, "leo nimepewa ndoo na dekio. Kesho, vioo."