Kompyuta nzima zisiuzwe kama chakavu



Itabidi nianze kwa kukiri kosa. Mimi ni fundi kompyuta hapa Kirumba, Mwanza, na nakula kwa kupiga window za wizi.

Kila vyuo vikifunguliwa, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hunijazia kibanda na kompyuta zao za mtumba. Nachomeka flashi, napiga window isiyo na leseni, nachukua Sh15,000 yangu. Wiki mbili hazipiti, mtu karudi anahema: virusi vya flashi vimegeuza mafaili yote kuwa shotikati na kazi inatakiwa kesho. Hapo nalipwa tena.

Muhula uliopita binti mmoja alikubali nimwekee Ubuntu, aina ya mfumo wa Linux, badala ya window. Ni bure, ni halali, na virusi vile vya flashi haviiwezi. Kompyuta yake iliyokuwa ikijikongoja ikawa nyepesi. Siku ya nne akarudi anataka window yake. Mhadhiri alikuwa ameikataa kazi aliyoiandika kwa LibreOffice, programu huria ya kuandikia: “Nataka ya Word.” Kuihifadhi kwa muundo wa Word ni kubonyeza mara chache tu, nikamwonyesha, lakini alishaogopa.

Kinachoniuma ni kwamba wasomi wetu walishaionja njia hii ya programu huria. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Bado sijapata mteja mwanafunzi aliyewahi kuisikia.

Sasa Microsoft imesitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tangu Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inazikataa mashine nyingi za zamani. Juzi chuo kimoja jijini kiliniita nikadirie bei ya kompyuta za maabara, ziuzwe kama chakavu. Nikaziwasha moja moja. Herufi A imefutika kwenye kibodi, feni zina vumbi la miaka, lakini zinawaka! Zote zingebeba Linux bila kulalamika.

Nawaomba wakuu wa vyuo vya hapa wabakize kompyuta za maabara moja tu bila kuziuza, na wahadhiri wapokee kazi iliyoandikwa kwa programu yoyote. Kuziweka Linux nitakuja mwenyewe na flashi yangu. Sitadai hata nauli ya daladala.

Fundi kompyuta,
Kirumba, Mwanza