Tamko Kuhusu Tiketi ya Afrika Katika Hoki ya Wanaume ya Olimpiki

Sisi wachezaji wa zamani, makocha, waamuzi na wapenzi wa mpira wa magongo tulioungana katika chama chetu hapa Nairobi, tumejadiliana kwa kina na kukubaliana kutoa tamko hili hadharani. Tunalielekeza kwa Shirikisho la Hoki la Afrika, kwa Shirikisho la Kimataifa la Hoki (FIH), kwa kamati za Olimpiki za nchi za bara letu na kwa wizara zinazosimamia michezo Kenya, Uganda na Tanzania. Tunalielekeza pia kwa vijana wanaojifua kila jioni wakiamini kwamba timu ikishindwa uwanjani imeshindwa, na ikishinda imeshinda.

Msimamo wetu ni huu. Tiketi ya Olimpiki inayoshindaniwa katika mashindano ya kufuzu ya Afrika ni mali ya Afrika. Timu iliyoitwaa kwa jasho lake iende. Nchi yake ikikataa kuipeleka, iende timu iliyoshika nafasi ya pili. Nayo ikishindwa, iende ya tatu. Tiketi hiyo isivuke mipaka ya bara hili. Na nchi isiyokuwa tayari kuipokea itamke hivyo kwa maandishi kabla filimbi ya kwanza ya mashindano haijapulizwa.

Hatusemi haya kwa hofu ya jambo lisilowahi kutokea. Mwishoni mwa Oktoba 2015, timu za Afrika zilikusanyika Randburg, karibu na Johannesburg, kuwania nafasi ya kwenda Rio de Janeiro. Afrika Kusini ilishinda kwa wanaume na kwa wanawake. Wachezaji walishangilia, lakini furaha yao haikufika mbali. Kamati ya Olimpiki ya nchi yao ilishikilia sera yake kwamba kuwa bingwa wa Afrika hakutoshi kuipeleka timu kwenye Olimpiki, na ikazikataa nafasi zote mbili. Nafasi ya wanaume ilipewa New Zealand. Ya wanawake ilipewa Hispania. Timu zilizowafuata mabingwa katika msimamo wa Afrika hazikupewa chochote, na Rio 2016 ikachezwa bila timu hata moja ya hoki kutoka bara lenye nchi zaidi ya hamsini.

Tafakari maana yake kwa kijana wa Kenya, wa Ghana au wa Misri aliyecheza Randburg. Aliomba ruhusa kazini, pengine akajinunulia viatu kwa fedha zake, akakimbia robo nne za mechi kila alipopangwa, akidhani anashindania kitu. Kumbe aliyekuwa mbele yake alikuwa anakimbilia mlango ambao nchi yake mwenyewe ilikuwa imeshaufunga. Hapo mashindano ya kufuzu yanageuka bonanza ghali tu, na hakuna aliyemwambia kijana yule hivyo kabla hajapanda ndege.

Wapo wanaoitetea sera ile, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema timu dhaifu ikipelekwa kwenye Olimpiki huaibika, na fedha za umma hupotea. Mfano wanaopenda kuutaja ni wa jirani zetu. Mwaka 1980 nchi nyingi zilipoisusia Olimpiki ya Moscow, Tanzania ilikuwa miongoni mwa zilizoingizwa kuziba pengo katika hoki ya wanaume. Timu sita zilicheza. Tanzania ilipoteza mechi zake zote, ikiwamo ile ya mabao 18 kwa 0 dhidi ya India, ambayo baadaye ilitwaa dhahabu. Tunawaheshimu vijana wale waliokubali kusimama mbele ya India kwa maandalizi ya haraka namna hiyo. Lakini mfano huo unathibitisha hoja yetu sisi. Tanzania iliingia bila mashindano ya kufuzu, bila miaka ya kupimana nguvu na majirani. Timu hukomaa kwa kupigania nafasi yake mara kwa mara, huku ikijua kwamba nafasi hiyo ni ya kweli.

Ushahidi wa pili ni wa karibu zaidi. Agosti 2019 mashindano ya kufuzu yalifanyika Stellenbosch, Afrika Kusini ikashinda tena, na safari hii kamati yake ya Olimpiki ikakubali njia ya bara. Olimpiki ya Tokyo ilipochezwa mwaka 2021, timu hiyohiyo iliyopita mlango wa Afrika ilikutana na Ujerumani, iliyokuwa imetoka Rio na medali ya shaba. Matokeo yalikuwa Afrika Kusini 4, Ujerumani 3. Haikuvuka hatua ya makundi, hilo ni kweli. Lakini mabao manne dhidi ya Ujerumani hayafungwi na timu ya kuaibisha mtu. Kama sera ya 2015 ingeendelea kutumika, siku ile isingekuwapo katika kumbukumbu za hoki ya Afrika.

Sasa tazama mizani ilivyo. Katika hoki ya wanaume ya Paris 2024 kulikuwa na timu 12. Ufaransa iliingia kama mwenyeji, mabingwa wa mabara matano wakaingia moja kwa moja, na nafasi sita zilizobaki zikashindaniwa Januari 2024 katika mashindano mawili ya kufuzu, moja Valencia na jingine Muscat, kila moja likitoa tiketi tatu. Misri, iliyokuwa nyuma ya Afrika Kusini katika mashindano ya Pretoria mwaka 2023, ilipata nafasi ya kwenda kujaribu Valencia. Huko tiketi zilichukuliwa na Ubelgiji, Hispania na Ireland. Muscat zilichukuliwa na Ujerumani, Uingereza na New Zealand. Hesabu ya mwisho: kati ya timu 12 za Paris, saba zilitoka Ulaya. Afrika ilikuwa na moja. Kwa hiyo ile moja ya bingwa wa bara ndiyo yote tuliyo nayo, na mtu mwenye kimoja hakigawi ovyo.

Kenya ina sababu ya pekee ya kulisemea jambo hili. Wapo vijana wa leo wasiojua kwamba nchi hii ilikuwa ikitajwa miongoni mwa vigogo wa hoki duniani. Timu yetu ya wanaume ilicheza Olimpiki kwa mara ya kwanza Melbourne mwaka 1956. Tokyo mwaka 1964 ilimaliza katika nafasi ya sita. Katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona mwaka 1971, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa 1 kwa 0 na wenyeji Hispania, kisha ikailazimisha India kwenda muda wa nyongeza kabla ya kupoteza nafasi ya tatu kwa 2 kwa 1. Nahodha wa zama zile, Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia Roma 1960 hadi Munich 1972. Na Munich hatukuwa peke yetu, kwani Uganda nayo ilikuwa na timu ya hoki pale.

Wengi wa wachezaji wale walikuwa Wakenya wa jamii za Kalasinga na Wagoa, waliokuzwa katika klabu na shule za Nairobi. Baadhi yao baadaye walihamia Uingereza na Kanada, na maarifa yao wakaondoka nayo. Hilo ni pigo ambalo hoki yetu haijapona hadi leo, ingawa wengine walibaki na kufundisha kizazi kilichofuata.

Kisha ikaja 1976. Kenya ilikuwa imepangwa kucheza Montreal, ikajiondoa pamoja na nchi nyingine za Afrika kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Uamuzi ule ulikuwa wa haki na hatuujutii. Wachezaji waliotoa kafara ile walikosa Olimpiki kwa ajili ya utu wa Mwafrika, na dhahabu ya hoki ya wanaume mwaka ule ikachukuliwa na New Zealand. Kwa hiyo miaka arobaini baadaye, tiketi ya Afrika ilipokabidhiwa New Zealand kwa sababu ya karatasi za ofisini, wazee wetu wa hoki waliumia kwa namna ambayo si rahisi kuieleza.

Mara ya mwisho Kenya kucheza hoki ya Olimpiki ilikuwa Seoul 1988, mwaka mmoja baada ya kuwa mabingwa katika Michezo ya Afrika iliyofanyika hapahapa Nairobi. Tangu hapo tumekuwa watazamaji.

Tungekuwa wanafiki kama tungelaumu kanuni peke yake. Kanuni ikirekebishwa kesho asubuhi, bado timu zetu za Afrika Mashariki zingefika kwenye mashindano ya kufuzu zikiwa zimechelewa kiufundi, na chanzo kikubwa ni kiwanja. Tangu Montreal hoki ya Olimpiki huchezwa kwenye nyasi bandia. Asiyeujua mchezo huu anaweza kudhani tofauti ni ya urembo. Chukua kona fupi, adhabu inayotolewa walinzi wanapofanya kosa ndani ya nusu duara ya mbele ya goli, ile tunayoiita D. Mpira unasukumwa kutoka kwenye mstari wa mwisho wa uwanja, mita 10 kutoka kwenye mwimo wa goli. Walinzi watano, kipa akiwamo, wanangoja nyuma ya mstari kisha wanachomoka kwa pamoja. Mshambuliaji wa kwanza lazima aupokee mpira nje ya D, autulize kwa mguso mmoja, amwandalie mwenzake, naye auburute kwa gongo na kuurusha golini kabla mlinzi wa mbele hajamfikia. Kazi yote hiyo inamalizika kwa muda wa pumzi moja.

Kwenye nyasi bandia zilizolowa maji mpira unateleza sawasawa, na mpokeaji anajua utamfikia wapi. Kwenye kiwanja cha shule chenye vichuguu vya nyasi, au cha murramu, mpira huohuo unaruka, unagonga goti, unapotea. Kocha huamua kuachana na zoezi lenyewe. Halafu kijana huyo anapelekwa kwenye mashindano ya kufuzu kukabiliana na timu inayofunga kwa kona fupi mechi baada ya mechi, na wenye dhamana wanashangaa kwa nini tumefungwa.

Uwanja wa City Park, nyumbani kwa hoki ya Kenya, uwekwe na kutunzwa katika hali ambayo FIH inaikubali kwa mechi za kimataifa, na vijana wa klabu na shule wapewe saa za kuutumia, si timu ya taifa pekee wiki moja kabla ya safari. Gharama ya maji isiwe kisingizio tena. FIH yenyewe sasa inahimiza nyasi bandia zisizohitaji kumwagiwa maji, na miji yetu yenye mgao wa maji ingepaswa kuwa ya kwanza kuzichangamkia.

Kuna pia suala la mahali. Mwaka 2007 mashindano ya kufuzu ya Afrika yalichezwa Nairobi, na mwaka 2011 yakachezwa Bulawayo. Baada ya hapo yamekwenda Randburg, Stellenbosch na Pretoria, mara tatu mfululizo katika nchi moja. Hatuwalaumu wenyeji hao, maana wana viwanja na wana watu wa kuandaa. Lakini timu inayocheza nyumbani kila baada ya miaka minne hainunui tiketi za ndege, hailali ugenini, na watoto wa nchi yake ndio wanaoziona nyota za bara kwa macho yao. Tunaliomba Shirikisho la Hoki la Afrika litangaze utaratibu wa zamu kati ya kanda, na tunaitaka serikali ya Kenya iombe uenyeji ikiwa na uwanja mkononi, si ahadi.

Kuhusu tiketi yenyewe, hatutaki majibu ya mdomo. FIH na Shirikisho la Afrika ziandike katika kanuni za mashindano yajayo kwamba nafasi ya bingwa wa Afrika ikikataliwa itashuka kwa timu ya Afrika inayofuata. Kamati ya Olimpiki ya kila nchi inayoingiza timu itie sahihi kabla ya droo kwamba itaipeleka timu hiyo ikifuzu. Isiyotia sahihi ikaribishwe kucheza kirafiki, lakini matokeo yake yasihesabiwe katika kugawa tiketi. Kamati ya Olimpiki ya Kenya nayo tunaitaka itangulie kwa mfano: itangaze sasa, mbele ya umma, kwamba timu yetu ikishinda mashindano ya kufuzu ya Los Angeles 2028 itapelekwa bila masharti mapya kuzuliwa baadaye.

Tunavialika vyama vya wachezaji wa zamani vya Uganda, Tanzania, Ghana, Misri na Zimbabwe, pamoja na ndugu zetu wa Afrika Kusini ambao ndio walioumizwa zaidi na uamuzi wa Rio, waungane nasi kuwasilisha madai haya kabla ya kanuni za mashindano yajayo kupitishwa. Nawe mchezaji uliyemo kambini leo, mwombe kiongozi wako akuonyeshe barua yenye sahihi kabla hujafunga begi la safari.

Limetolewa na kamati ya utendaji kwa niaba ya wanachama wote, Nairobi.