Tusiwafungulie mlango wezi wa kompyuta

Yeyote aliyepata kusimama mpakani Tunduma anaifahamu kazi ya lakiri. Lori linafika kutoka Dar es Salaam, dereva anashuka na hati zake, na ofisa wa forodha anaikagua lakiri ya kontena na kulinganisha namba yake na ile iliyoandikwa katika karatasi. Namba zisipolingana, lori husogezwa pembeni, hata kama dereva huyo amekuwa akipita hapo kwa miaka 20 na anasalimiana na kila mtu kwa jina. Hakuna anayeona kuwa ametukanwa. Ndiyo desturi ya mpaka, na tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kizinduliwe mwezi Oktoba 2019, desturi hiyo inafuatwa na pande zote mbili.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hatua chache tu kutoka hapo, katika maduka ya steshenari na katika ofisi za mawakala wa mizigo, desturi hiyo husahauliwa kabisa. Mteja anaingia na flashi mkononi, anataka kuchapisha hati moja, na flashi inachomekwa katika kompyuta bila swali lolote. Flashi hiyo jana ilikuwa Vwawa, juzi ilikuwa Mbeya, na mwenyewe hajui imepita katika kompyuta ngapi. Hatusemi haya kwa kuwacheka wenzetu. Katika chumba chetu cha habari, mmoja wetu alileta flashi iliyotoka kuchapishiwa kadi za harusi, na kabla ya jua kutua mafaili ya makala za juma zima yalikuwa hayaonekani. Siku mbili za kazi zilikwenda na maji, na harusi yenyewe hatukualikwa.

Inafaa wananchi waelewe jinsi adui huyu anavyoingia, maana wengi hudhani virusi vya kompyuta ni kama mafua, kwamba hupeperuka hewani na kumpata mtu akiwa amekaa zake. Kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na binadamu kwa nia mbaya, na kama programu nyingine yoyote, haifanyi kazi mpaka ianzishwe. Kile kilichotupata sisi huyaficha mafaili halisi yaliyo katika flashi, kisha huweka mahali pake alama zinazofanana nayo kwa sura na kwa jina. Mtu akibonyeza alama hiyo, faili lake hufunguka kama kawaida, naye hutosheka. Lakini kwa mbonyezo huo huo kirusi nacho kimeamka, kimejinakili katika kompyuta, na kinangoja flashi ya mteja atakayefuata.

Zamani flashi iliweza kuanzisha programu yake yenyewe mara tu ilipochomekwa. Mwezi Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza masahihisho ya kuuziba mwanya huo katika kompyuta zilizokuwa zikitumika wakati ule. Je, virusi vya flashi vilikoma? La hasha. Vilibadili mbinu, vikaanza kumtegemea mtumiaji mwenyewe avifungulie kwa kidole chake. Hapo ndipo tulipo hadi leo.

Hali kadhalika kwa barua pepe. Mwezi Mei 2000 dunia ilitikiswa na kirusi kilichoanzia Ufilipino, kilichokuja kikijidai kuwa ni barua ya mapenzi. Kiliziingia kompyuta kwa mamilioni, na siri ya mafanikio yake haikuwa ufundi mkubwa. Kilijituma chenyewe kwa watu wote waliokuwa katika orodha ya anwani za yule aliyekifungua, hivyo kila aliyekipokea aliona jina la mtu anayemfahamu. Huyo ndiye yule dereva wetu wa miaka 20. Kumfahamu dereva hakuondoi haja ya kuitazama lakiri.

Siku hizi mlango mkubwa zaidi ni simu ya mkononi. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajapata kupokea ule ujumbe wa mtu asiyemjua akimwambia ile hela aitume kwa namba hii. Ujumbe huo hauna kirusi ndani yake. Silaha yake ni pupa ya anayeusoma. Sasa wezi wamepiga hatua. Hutuma faili au kiungo kinachodai kuwa ni zawadi, ajira au picha, na mwenye simu akikubali kuliweka, programu hiyo huomba ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi na orodha ya majina. Akiitoa ruhusa hiyo bila kufikiri, hata namba za uthibitisho anazotumiwa na benki huweza kusomwa na mtu mwingine. Zimekuwapo pia programu za mikopo ya haraka. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Sehemu kubwa ya malalamiko dhidi ya wakopeshaji wa namba hiyo ilikuwa kuwapigia na kuwaaibisha mbele ya ndugu na marafiki wale waliokopa, kwa kutumia orodha za majina ambazo wakopaji wenyewe walizifungua siku ya kujiunga.

Kwa mji kama Tunduma hasara hii haina mfano wa mchezo. Wakala wa forodha ana neno la siri la kuingilia katika mfumo wa serikali, na kwa neno hilo hati za mizigo ya mamilioni ya shilingi huwasilishwa kwa jina lake. Programu hasidi inayonakili kila herufi inayobonyezwa ikiingia katika kompyuta yake, mwizi hahitaji kuja Tunduma. Yule mama anayevusha mchele na vitunguu kwenda Nakonde naye mtaji wake wote umo ndani ya simu. Ukiibwa leo, kesho meza yake ni tupu na watoto wanarudishwa shuleni kwa kukosa michango. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, nasi tunaiheshimu, lakini sheria humshika mwizi anayeonekana, na mwizi wa aina hii aghalabu yuko mbali na mkono wa polisi wa Songwe.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kazi ya wataalamu. Sehemu ni kweli. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichojulikana kwa jina la WannaCry kilizifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, zikiwamo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia, na hakikungoja mtu abonyeze kitu. Hata hivyo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Waliodhurika kwa wingi ni wale walioahirisha kuiweka.

Na hapa hatuna budi kuwageukia wenye ofisi, kwa sababu ni rahisi mno kumlaumu karani. Karani atajihadhari vipi ikiwa tajiri wake amenunua kompyuta kuukuu iliyojazwa programu za wizi zisizopokea masahihisho? Atalinda vipi neno la siri ikiwa watu wanne wanatumia moja, nalo limebandikwa ukutani karibu na kalenda? Tumeyaona hayo kwa macho yetu. Uzembe wa namna hiyo ni wa mwenye ofisi.

Tunashauri kwamba kila steshenari iwe na kompyuta moja ya kupokelea flashi za wateja, isiyohifadhi kazi za mtu wala kutumiwa kwa mambo ya fedha, na flashi ikaguliwe kwa programu ya kinga kabla ya kufunguliwa. Kila wakala ampe karani wake neno la siri lake peke yake, na nakala za hati zote ziwekwe mahali pengine kila jioni. Mwananchi apokeapo ujumbe wa kitapeli auelekeze kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano badala ya kuufuta tu, na apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Nayo Halmashauri ya Mji wa Tunduma, ambayo huwakusanya wafanyabiashara kila inapotaka kuzungumzia leseni na ushuru, katika mkutano ujao iwape mafundi wa kompyuta nusu saa ya kuonyesha, kwa flashi yenyewe mezani, mambo tuliyoyaeleza hapa.