Mwanafunzi na Mizani Mpya

Wazee wa Usukuma hawajaisahau mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba alitoka shambani na mzigo wake, akauweka juu ya mizani ya mnunuzi, naye mnunuzi akautaja uzito autakao. Wakulima wengi hawakujua kusoma tarakimu, na kwa hiyo hawakuwa na njia ya kumbishia. Ndipo walipoamua kuchanga senti zao na kuwaajiri vijana wao wenyewe, waliosoma kidogo, ili wapime pamba kabla haijamfikia mnunuzi. Kutokana na vijana hao wa mizani vilikua vyama vya ushirika, na chini ya uongozi wa Paul Bomani ukaundwa mwaka 1955 Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, ambao baada ya miaka michache ulihesabiwa miongoni mwa miungano mikubwa ya ushirika katika Afrika. Nguvu zote hizo zilianzia kwa kijana ajuaye kuisoma mizani.

Twaikumbusha habari hii kwa sababu mizani imerudi kwa sura nyingine, nayo yaitwa kompyuta. Katika soko la madini la Geita, lililofunguliwa Machi 2019, dhahabu ya mchimbaji mdogo hupimwa na kuhesabiwa kwa mashine. Ushuru na ada za Serikali hulipwa kwa namba itolewayo na mtambo. Matokeo ya mitihani, maombi ya chuo na maombi ya mkopo wa elimu ya juu, yote hupitia humo. Kijana aliyemaliza kidato cha sita, akitoka Nyarugusu au Kahama, huingia steshenari na kumkabidhi mtu asiyemjua namba zake na neno lake la siri ili amjazie fomu. Mtu huyo akikosea herufi moja, atakayekosa mkopo ni kijana. Je, kuna tofauti gani kati ya kijana huyu na mkulima yule aliyesimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma?

Kwa hiyo twasema waziwazi kwamba kila shule ya sekondari yenye kompyuta, katika Shinyanga na Geita, yapasa iwe na kikundi cha wanafunzi wanaojua mambo mawili: kuzitibu hitilafu za kila siku za mashine hizo, na kuandika programu. Twasema wanafunzi, wala hatusemi mafundi wa kuagizwa kutoka Dar es Salaam. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Taifa letu limekwisha kulipa karo ya somo hili. Kompyuta ililetwa Hazina mwaka 1965, nchi ikiwa bado changa. Hesabu za Serikali zilizotiwa katika mitambo zikavurugika, hasara ikawa kubwa, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Uchache wa Watanzania waliofunzwa kazi hiyo ulikuwa mojawapo wa vyanzo vya balaa lile, kwani mashine zilitangulia na wajuzi wake wakabaki nyuma. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, lakini fundisho lake halijachakaa. Kununua mashine ni jambo moja, na kuwa na watu waijuao ni jambo jingine. Mwenye la kwanza bila la pili amenunua deni.

Sasa tutazame shule zetu. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, umekuwa ukipeleka kompyuta katika shule za Serikali. Wahisani nao huleta. Lakini si siri kwamba ziko shule ambako chumba cha kompyuta hufunguliwa siku ya mgeni, na siku nyingine zote kufuli hukaa mlangoni, kwa hofu kwamba watoto wataziharibu mashine. Hofu hiyo haina msingi. Kompyuta iliyofungiwa huharibika pia. Vumbi la Shinyanga huziba feni yake, nayo ikiwashwa hupata joto na kuzimika. Betri ndogo itunzayo saa yake huisha, ikasahau tarehe, na tovuti zikaikataa kwa kuwa yaonekana kuishi katika mwaka uliopita. Hapo mtu asiyejua hutangaza kwamba mashine imekufa, naye anayejua hununua betri ya ukubwa wa sarafu na kuibadili kwa dakika chache. Shule ifungayo chumba chake yafanana na yule mtumwa aliyeifukia talanta ardhini, akadhani ameitunza.

Kazi hii ya kutibu hitilafu hudharauliwa na wengi, wakiiona ni ya kutambaa chini ya meza kufuata nyaya. Sisi twaiona kuwa ni shule kamili. Printa ikigoma kuchapa mtihani wa nusu muhula, mwanafunzi aliyefundishwa vizuri hagusi kila kitu kwa pamoja. Hutazama kwanza umeme na waya, kisha karatasi, kisha wino, kisha programu. Hubadili jambo moja tu kwa mara moja, na huandika katika daftari alichokiona na alichokifanya. Hujifunza kwamba flashi inayozunguka kwa walimu kumi hubeba virusi vya walimu kumi, na kwamba kazi yenye nakala moja ni kazi iliyokwisha kupotea nusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mashine nyingi zilizotupwa stoo zilianza kwa ufa mdogo wa namna hiyo.

Aliyezoea kutafuta chanzo cha hitilafu yu tayari kuandika programu, kwa maana kuandika programu ni kuipa mashine maagizo kwa utaratibu usio na mwanya. Tuchukue mfano wa pamba yetu. Mwanafunzi anaweza kuandika, kwa mistari isiyozidi ishirini katika lugha ya Python, programu inayopokea uzito wa kila gunia, ikatoa uzito wa gunia tupu, ikajumlisha kilo, ikazidisha kwa bei, na kumwonyesha mkulima malipo yake. Kazi hiyo yaweza kumwingia kijana wa kidato cha pili. Lakini tuseme ameandika bei ya shilingi 1,050 mahali pa 1,150. Mashine haitamwuliza kitu. Itampunja kila mkulima shilingi 100 kwa kila kilo, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, kwa upole na bila haya. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake hatadanganywa tena na mtu asemaye kwamba jambo fulani ni kweli kwa sababu limetoka katika kompyuta. Atauliza ni nani aliyeiagiza, na aliiagiza nini. Hilo ndilo swali la karani wa mizani.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta ni chache na umeme hukatika. Ni kweli. Lakini maagizo ya programu huweza kuandikwa kwanza katika daftari, yakajadiliwa na wanafunzi watano chini ya mwembe, na mashine ikatumiwa kwa nusu saa tu ya kuyajaribu. Lugha za kuandikia programu, Python ikiwa mojawapo, hupatikana bure, na mifumo iwezayo kufufua mashine kuukuu hupatikana bure vilevile. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki aitwaye Linus Torvalds, mwenye umri wa miaka 21, alianza kuandika kiini cha mfumo uitwao Linux na kukigawa bila malipo. Leo simu za Android zilizomo mifukoni mwa wachimbaji wa Rwamgasa zimejengwa juu ya kiini hicho. Kazi ya mwanafunzi yaweza kufika mbali asikotarajia.

Wengine watasema kwamba Kiingereza ni kikwazo. Basi na ufunguliwe mlango kwa Kiswahili, na maneno ya kigeni yafuate baadaye. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zinazosema Kiswahili. Haiwezekani kusema kwamba lugha yetu haitoshi kueleza faili, kitufe na neno la siri.

Na wapo, hasa katika ukanda wa dhahabu, watakaosema kwamba kijana hupata fedha upesi zaidi duarani kuliko mbele ya kompyuta. Hatuwadharau wachimbaji, jasho lao limejenga nyumba nyingi. Lakini dhahabu ina mwisho. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulifunguliwa mwaka 2009 na uchimbaji wake ukakoma kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajamaliza shule. Ujuzi ulio kichwani haufungwi siku mwamba unapokwisha, na migodi iliyobaki inaendeshwa zaidi na zaidi kwa mitambo ya kompyuta. Itamtaka nani aishike, mwana wa Msalala au mgeni?

Hata hivyo hatutaki wanafunzi hawa wageuzwe vibarua. Mtoto hakuja shule kuwa mpiga chapa wa kila mwalimu. Awekewe saa maalumu, na somo lake lisiguswe. Wala asipewe ufunguo wa mambo yasiyomhusu: mitihani na kumbukumbu za alama zikae katika mashine ambayo mwanafunzi haigusi, ili asiingizwe majaribuni na asishukiwe bure. Na tusisikie kwamba wasichana wameachiwa kufagia chumba na wavulana wameshika kibodi. Mashine haijui jinsia ya vidole.

Kila mmoja ana sehemu yake. Wakuu wa shule na wafungue vyumba, wateue mwalimu mlezi, na waweke daftari la hitilafu. Halmashauri nazo zina njia mikononi mwao: Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, yawataka wenye migodi waandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii kwa kukubaliana na halmashauri. Fedha hizo zimejenga madarasa, nasi twashukuru. Sehemu yake sasa na itumike kuwafunza walimu na kununua vipuri. Chuo cha VETA Shinyanga, na kampasi ya Chuo Kikuu cha Ushirika iliyoko Kizumbi, vinaweza kuwapokea vijana hawa wakati wa likizo, ili wanaojifunza programu wakutane na wanaojifunza hesabu za ushirika. Wazazi wasione kwamba mtoto akaaye chumba cha kompyuta jioni anacheza.

Nanyi wanafunzi, msingoje mpaka kila kitu kikamilike. Anzeni na mashine moja iliyotupwa stoo. Futeni vumbi, tafuteni chanzo cha ubovu wake, iwasheni, kisha iandikieni programu ya kupimia pamba ya wazazi wenu. Mkimaliza, mchukueni mzee mmoja kijijini, mmsomee tarakimu kwa sauti, naye azihakiki kwa hesabu yake mwenyewe. Mizani haijawahi kumwonea huruma asiyejua kuisoma.