Tunanunua Weupe, Tunatupa Chakula

Ipo kauli inayorudiwa kila mahali hapa Uganda: chakula bora ni cha matajiri. Naikataa. Wanaoitamka wamesimama mbele ya rafu za supamaketi, wakatazama pakiti za nafaka zilizotoka ng'ambo, kisha wakahitimisha kwamba mwenye kipato kidogo hana budi kula posho nyeupe na kunyamaza. Swali lingekuwa jingine: fedha ulizo nazo tayari zinanunua nini?

Utazame unga wa mahindi, ule uitwao namba wani. Ili upate weupe unaotupendeza, punje hukobolewa zikaondolewa ganda na kiini. Kiini ndicho chenye mafuta na sehemu kubwa ya vitamini na madini. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi. Kinachobaki kwa wingi ni wanga. Kilichoondolewa huuzwa kwa wafugaji, kikalisha nguruwe na kuku. Wewe unalipa zaidi ili upunguziwe chakula, na kuku wa jirani ananenepa kwa lishe uliyoikimbia. Baadaye, mtoto akidhoofika, unarudi dukani kununua pakiti ya "unga wa lishe" kwa bei ya juu. Nani amekudanganya? Macho yako mwenyewe.

Watanzania wana maneno mawili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kuyajua: sembe, yaani unga wa mahindi yaliyokobolewa, na dona, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Mabaki ya kukoboa huitwa pumba, na mtu anayesema upuuzi huambiwa anaongea pumba. Dharau yetu kwa kitu hiki imeingia hata katika lugha.

Najua pingamizi zitakazokuja. Dona huharibika upesi kwa sababu ya mafuta yake. Ni kweli; basi nunua ya wiki moja, usinunue gunia. Pingamizi la pili ni zito, nalo ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na Machi 2021 Kenya ilizuia kwa muda mahindi yetu na ya Tanzania kwa hofu hiyohiyo. Kukoboa hupunguza sumu, lakini hakuimalizi. Wala jicho haliioni kila mara. Kwa hiyo nunua mahindi yaliyokaushwa vizuri kwa muuzaji unayemjua, ukayapeleke kinuni mwenyewe. Yenye ukungu yaache hata ukipewa bure. Asiyeweza kupata mahindi ya kuaminika ale sembe bila aibu, ila atafute lishe kwingine sokoni.

Na kwingine kupo. Mukene, yaani dagaa wakavu wa Ziwa Viktoria, huliwa na mifupa yao yote. Wana protini na chokaa tele, lakini tumewaita chakula cha maskini, na shehena kubwa huishia katika chakula cha mifugo. (Kuku tena! Mara nyingine nadhani kuku wa nchi hii wana mshauri wa lishe.) Pita Soko la Kalerwe uone mafungu ya dodo, maharage, karanga na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo mwili hupata kwavyo vitamini A. Kwa kazi ya viazi hivyo Mganda mwenzetu, Robert Mwanga, alishiriki Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka huohuo ulionyesha kwamba asilimia 29 ya watoto wetu walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na asilimia 53 ya wenye miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Umaskini una sehemu yake, tena kubwa; malaria na minyoo pia. Lakini sehemu ya weupe ni yetu.

Kwa hiyo nawageukia wakuu wa shule, wanunuzi wa magunia mengi kuliko kaya yoyote. Fedha ni za wazazi, na wanaokula ni watoto wao. Wazazi, katika mkutano ujao ulizeni: ni unga gani unaonunuliwa, kwa bei gani, umepimwa sumukuvu lini, na kwa nini mukene hawamo katika sufuria ya shule?