Mtumishi wa Locke na Viroba vya Nyarugusu

Siku ya mgao hakuna anayehitaji kuitwa. Mawe ya dhahabu yakishapanda juu na kujazwa kwenye viroba, kila mwenye lake yuko mdomoni mwa duara, yaani shimo la kuchimbia: mwenye leseni au mtu wake, mwenye shamba, mwenye duara, aliyekopesha hela ya chakula na mafuta ya jenereta, na vijana walioshuka chini. Viroba vinapangwa mstari, vinahesabiwa, gharama zinatolewa kwanza. Kila mkubwa akishachukua fungu lake, vijana wanagawana kilichobaki na kukipeleka karashani kikasagwe. Nimesimama kwenye migao mingi upande wa Nyarugusu, huko Geita, na mara chache sana imekwisha bila mtu kuuliza, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika: "Kwani aliyechimba ni nani?"

Swali hilo lina zaidi ya miaka 300 vitabuni, na ndilo lililotufanya tufungue toleo hili na Mwingereza wa karne ya 17.

John Locke alizaliwa Agosti 29, 1632, katika kijiji cha Wrington. Baba yake alikuwa mwanasheria mdogo aliyepigana upande wa Bunge dhidi ya mfalme. Locke akasoma Oxford, akajifunza utabibu, na mwaka 1668 akasimamia upasuaji wa uvimbe wa ini uliomwokoa bwana mmoja mkubwa wa siasa, yule aliyekuja kuitwa Lord Shaftesbury. Tangu hapo maisha yake yakafungamana na wapinzani wa mfalme. Mwaka 1683 msako wa wapinzani hao ulipoanza, alitorokea Uholanzi. Desemba ya mwaka huohuo mwenzao Algernon Sidney alikatwa kichwa, na mswada uliokutwa nyumbani kwake ulitumika mahakamani kana kwamba nao ni shahidi aliyesimama kizimbani. Basi mtu asishangae kwamba Locke, aliporudi mwaka 1689 na kuchapisha maandiko yake mawili juu ya serikali, hakuweka jina lake. Alikiri kwamba ni yake katika nyongeza ya wosia, wiki chache kabla ya kufa Oktoba 28, 1704.

Hoja yake kuu kwetu imo kwenye sura ya mali. Mungu, anasema, aliwapa watu wote dunia kwa pamoja. Sasa inakuwaje tunda la mwituni liwe langu na si letu? Kwa kazi, anajibu. Kila mtu anamiliki mwili wake na nguvu za mikono yake. Akishatia nguvu hizo kwenye kitu ambacho hakina mwenyewe, kitu hicho kinakuwa chake, mradi awaachie wengine cha kuwatosha na kizuri vilevile. Kisha anatoa mifano mitatu mfululizo. Majani aliyokula farasi wangu. Mabonge ya udongo wa kuwashia moto aliyoyakata mtumishi wangu. Na mawe ya madini niliyoyachimba mahali ambapo nina haki pamoja na wenzangu. Vyote vitatu, anasema, ni mali yangu.

Mchimbaji wa Geita akiufikia mfano wa tatu atapiga meza kwa furaha. Namwomba arudi kwenye ule wa pili. Aliyeinama ni mtumishi, na jasho ni la mtumishi, ila mali ni ya bwana, na Locke anapita hapo kama mtu anayevuka kijito kikavu. Hapo haelezi ni kwa mapatano gani kazi ya mwili wa mmoja iligeuka haki ya mwingine. Farasi na mtumishi wamewekwa sentensi moja.

Wapo wanaoiona hiyo kuwa kasoro ndogo. Mimi naiona ndiyo mlango wa nyumba nzima. Mtu huyuhuyu aliyeandika kwamba kila binadamu anazaliwa huru alikuwa na hisa katika kampuni ya Kiingereza iliyofanya biashara ya watumwa pwani ya Afrika Magharibi, na alishiriki kuandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669, iliyompa mtu huru mamlaka kamili juu ya mtumwa wake mweusi. Tunayasema haya waziwazi na bado tunamsoma, kwa sababu kipimo alichokitoa ni kikubwa kuliko yeye mwenyewe.

Kuna mahali pengine alipokosea, na hapo Usukuma una jibu. Kwa Locke, ardhi iliyoachwa bila kulimwa ni ya kupotea bure. Mkulima wa Shinyanga angemuuliza: na ngitili je? Mvua zikianza, sehemu ya malisho inafungwa. Ng'ombe haingii, majani yanakua, na kiangazi kikikaza inafunguliwa kidogo kidogo. Mpita njia ataona pori. Mwenye ng'ombe anajua kwamba kuna watu wamelala macho kulilinda pori hilo, na kwamba kuacha nako ni kazi. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 kurudisha miti Shinyanga, mtaji wake mkubwa ulikuwa maarifa hayo ya wazee. Lakini fikra kwamba ardhi ambayo haijalimwa haina mwenyewe ilishafanya kazi yake: amri ya Wajerumani ya mwaka 1895 iliitangaza kila ardhi isiyo na mwenyewe kuwa ya dola, na sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 ikaiweka ardhi ya Tanganyika chini ya gavana.

Aliyemjibu Locke vizuri zaidi kwa upande wetu, hata kama hakumtaja, ni Julius Nyerere. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza ardhi iweze kumilikiwa moja kwa moja na mtu binafsi, aliandika makala ya "Mali ya Taifa". Anaanza palepale: ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, na binadamu anamiliki nguvu zake. Ila anasimama hatua moja kabla ya Locke. Nikifyeka shamba, kilicho changu ni ile kazi ya kufyeka, na nina haki juu yake maadamu nalitumia. Udongo wenyewe sikuuumba. Sheria zetu zimefuata njia hiyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, na Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inasema hivyohivyo juu ya madini.

Nakubaliana na Nyerere kuhusu udongo. Ninachokidai ni ile nusu ya pili ya hoja yake, ya nguvu za mtu, ambayo kwenye machimbo imesahaulika. Tazameni karatasi zilipo. Leseni ndogo ya uchimbaji ina jina, inatolewa kwa Mtanzania kwa miaka 7, na eneo lake halizidi hekta 10. Serikali inalijua fungu lake kwa tarakimu: mwaka 2017 mrabaha wa dhahabu ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6. Tangu soko la dhahabu lifunguliwe mjini Geita mwaka 2019, kuna mzani na risiti. Kati ya leseni na risiti yuko kijana mita nyingi chini ya ardhi, ameshika moko na nyundo, na makubaliano yake yote ni ya mdomo. Duara lisipotoa, ameambulia chakula. Likitoa, gharama zinasomwa kutoka kichwani mwa mtu mwingine.

Na yuko mama aliyekaa pembeni ya lundo la mawe yaliyotupwa. Amepinda kipande cha tairi kikawa kama pete, anaweka jiwe katikati lisiruke, anaponda kwa nyundo hadi liwe kokoto, mtoto amelala mgongoni. Kwa kipimo cha Locke mwenyewe hakuna mali iliyo halali kuliko ile: kitu kilichoachwa na wote, kikapewa thamani na mkono wa mtu mmoja. Lakini jiwe likionekana tu kung'aa, anaambiwa lundo lina mwenyewe.

Wenye leseni wanasema hasara ni yao, na ni kweli. Kuna waliouza ng'ombe na nyumba kwa duara lisilotoa hata gramu. Hakuna anayetaka mtaji wao usilipwe. Tunachotaka ni asilimia za kila mmoja ziandikwe kabla ya mtu kushuka, na gharama ziandikwe siku zinapotumika.

Ndiyo maana katikati ya toleo hili tumechapa ukurasa mmoja wa makubaliano ya duara, kwa Kiswahili cha kawaida. Ukate, upeleke Nyarugusu, Mgusu, Lwamgasa, mahali popote kambi ilipo. Una nafasi ya mwenye leseni, ya mwenye shamba, ya mwenye duara na ya mfadhili. Mstari wa kwanza kabisa tumemwachia anayeshuka.